Unataka kuingia kwenye harakati? Majibu ya maswali yenu

Kila jambo linaniuma: maji machafu, rushwa, ukatili majumbani. Nianzie wapi?

Chagua moja, kisha lipunguze hadi umpate mtu wa kulijibu. "Tunapinga rushwa" halina wa kulijibu. "Mapato na matumizi ya mradi wa maji yabandikwe ubaoni" lina ofisi, na ofisini yupo mtu anayeweza kukubali au kukataa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikuwa na mengi ya kupinga, ila alikaza kwenye jengo moja: ghorofa 60 zilizopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Aliandika barua serikalini na kwa wafadhili wa nje. Bungeni wakamkejeli. Wafadhili wakajitoa, jengo likafa.

Lazima nianzishe shirika langu?

Hapana. Mashirika ya mtu mmoja tunayo ya kutosha. Nenda kwenye kikao cha walioanza tayari, ujitolee kuandika kumbukumbu. Kazi hiyo haigombewi, na mwandishi wa kumbukumbu ndiye anayejua nani aliahidi nini.

Mimi mwoga. Maandamano siyawezi.

Basi usiandamane. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, ambapo watu weusi walisusia mabasi kupinga ubaguzi wa rangi, ulidumu siku 381 kwa sababu kuna waliochapa vipeperushi usiku kucha na wengine waliopanga magari ya kuwabeba watu kazini. Wengi wao hatuwajui hata kwa majina.

Wananitukana mtandaoni. Niwajibu?

Usijibu. Nguvu zako ni za wale ambao bado hawajaamua.

Miaka miwili sasa, hakuna kilichobadilika. Nimekata tamaa.

Umekata tamaa, au umechoka? Aliyechoka apumzike, lakini amkabidhi mtu kazi yake na aseme atarudi lini. Kama hujachoka, rudi kwenye dai lenu: huenda mnamsukuma mtu asiye na uwezo wa kuamua.

Halafu kuna suala la muda. Machi 1955, kwenye mji huohuo wa Montgomery, Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake kwa kosa kama hilo ndiko kulikoanzisha ule mgomo. Katikati ya mwaka ule ungeapa kwamba alijisumbua bure. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wanawake wanne ambao kesi yao ilifuta ubaguzi kwenye mabasi ya mji huo.

Kwa hiyo wekeni daftari la mlichopata, hata kama ni barua moja tu iliyojibiwa, na lisomwe kila kikao kabla ya ajenda.