Kisu cha makali upande mmoja au pande mbili?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napika chakula cha oda huku Tabata, wali samaki, mihogo, kachumbari, kwaiyo kisu kiko mkononi kutwa nzima. Juzi Kariakoo nimeona kimoja kirefu kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili bapa kabisa, muuzaji anasema cha Kijapani na hakuna kikali kama hicho, ila bei sasa imechangamka sio mchezo. Nichukue au nibaki na hivi vya kawaida? Alafu natumia mkono wa kushoto, sijui kama ina shida. (Mama wa oda, Tabata)

JIBU: Marahaba dada. Hilo la mkono wa kushoto ulilotupia mwishoni ndo linaloamua karibu kila kitu, nalifikia sasa hivi.

Kwenye ukali muuzaji hajakudanganya. Kisu cha kawaida kinanolewa kila upande kama nyuzi 15 mpaka 20, ukijumlisha makali yana nyuzi 30 mpaka 40. Cha upande mmoja hakina cha kujumlisha, ni hizo 15 hivi basi, ndo maana kikipita kwenye mnofu wa jodari unaona kama hakijagusa kitu. Wajapani wenyewe wanavigawia kazi, yanagiba mrefu wa kukata samaki mbichi kwa kuvuta mara moja, deba wenye mgongo mnene wa kutengenezea samaki mzima, usuba wa mboga.

Ila hakiendi wima. Ni kama patasi ya seremala, ukiisukuma inakimbilia upande wa bapa. Kwenye mnofu laini hausikii, sasa kata muhogo mnene uone, unaanza juu katikati unatokea chini pembeni. Hata kisu cha mkate chenye meno, kiangalie vizuri kwenye mwanga, vingi vimenolewa upande mmoja, ndo maana slesi inatoka nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, alafu analaumiwa mkataji!

Sasa we wa mashoto. Hivyo vya dukani karibu vyote ni vya mkono wa kulia, mteremko, yani upande ulionolewa, uko kulia, bapa kushoto. Ukishika kwa kushoto bapa linageukia kipande unachokitoa, kisu kinavutwa nje na kipande kinakufia njiani, yani unapigana nacho siku nzima. Vya mashoto vipo ila vinatengenezwa vichache, mara nyingi ni kuagiza, na bei inapanda tena.

Alafu kuna kunoa, na hapa ndo hela za watu zinapoteaga. Unalaza mteremko kwenye kinoo kilicholowa, unasugua mpaka ukipitisha kidole taratibu upande wa bapa, kutoka mgongoni kuja kwenye makali, unasikia kaukingo kembamba kanakwaruza, hapo unageuza, unalilaza bapa lote kabisa bila kuinua mgongo hata kidogo, unapitisha mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, basi. Ukimpa jamaa wa baiskeli mwenye jiwe la kuzunguka atakunolea pande zote mbili kwa roho safi tu, na hapo umebaki na kisu cha kawaida ulichonunua kwa bei ya ajabu. Na kama chuma chake ni kile kinachoshika kutu, ukikata ndimu ya kachumbari ukakiacha hivyo hivyo, na joto la Dar na hewa ya chumvi, hakichelewi kubadilika rangi.

Mi ningekwambia uchukue cha pande mbili, chembamba, cha sentimita 20 hivi, na hela inayobaki nunua kinoo kizuri chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini. Jamaa wa soko la samaki la Feri wanatengeneza nguru na changu kutwa nzima kwa visu vya kawaida, wanachojua ni kunoa. Siku ukianza kuuza samaki mbichi wa kukatwa slesi nyembamba, niandikie tena, hapo tutaongea habari ya kuagiza cha mashoto.