Siku ya kwanza kwenye mbio za farasi za Chester

Ndugu, umeuliza ujiandae vipi kwa siku yako ya kwanza kwenye mbio za farasi za Chester, Uingereza, na uzingatie nini kabla ya kuweka dau.

Uwanja huo, uitwao Roodee, umekuwa na mbio tangu mwaka 1539, na uko kando ya mto Dee, chini kabisa ya kuta za kale za mji. Kutoka kituo cha treni unaweza kutembea kwa miguu, nami nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu barabara hujaa magari, hasa wakati wa tamasha la Mei. Nunua tiketi mapema, na usome masharti ya mavazi ya eneo ulilochagua, kwani hayafanani.

Kuhusu dau, jambo la kuangalia kwanza ni umbo la njia yenyewe. Mzunguko mzima hauzidi sana kilomita 1.8, farasi hupinda kushoto karibu muda wote, na sehemu iliyonyooka kabla ya kumalizia ni fupi mno; kwa hiyo katika mbio za masafa mafupi, farasi aliyepangiwa namba ndogo ya kuanzia, yaani nafasi ya kuanzia iliyo upande wa ndani, hukimbia karibu na uzio wa ndani na kupunguza umbali, ilhali aliye nje hulazimika kuzunguka zaidi. Namba hiyo imeandikwa kwenye ratiba ya mbio. Isome kabla ya kutazama jina la farasi. Tenga fedha ambazo uko tayari kuzipoteza, na zikiisha, usiongeze.