Kabla ya Kununua Nakala ya Cobra Yenye Nguvu za Farasi 500

Waswahili wenzangu ninaokutana nao hapa Uingereza, wakiliona lile gari la buluu nje ya nyumba yangu, huniuliza kwanza injini yake ina nguvu kiasi gani. Nikijibu kwamba zinafika nguvu za farasi 500, wao husisimka, na wawili kati yao wamekwisha kuniomba niwasaidie kutafuta la kwao. Mmoja nilimshauri asinunue kwa sasa, na sababu nilizompa ndizo ninazozieleza hapa.

Gari langu ni nakala ya AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby, aliyekuwa dereva wa mashindano, alichukua gari jepesi la Kiingereza, AC Ace, lililokuwa likitengenezwa Thames Ditton karibu na London, akalitia injini ya Ford ya V8, yaani yenye silinda nane. Injini hiyo iliendelea kukuzwa hadi, mwaka 1965, ikafikia lita 7, na hapo watengenezaji wenyewe walikubali kwamba fremu ya zamani haiwezi kuibeba: waliweka mabomba mazito zaidi, wakaondoa springi zilizofanana na za lori na kuweka za koili. Magari halisi yaliyotengenezwa miaka ile ni takriban 1,000 tu, na lile la kwanza kabisa liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola za Marekani milioni 13.75. Ndiyo maana sisi wengine tunanunua nakala, ambazo nyingine hutoka Marekani, nyingine hapa hapa Uingereza, na baadhi ya zile zilizo bora hutengenezwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, mji ambao sasa unaitwa Gqeberha.

Ili msomaji apate picha ya nguvu hizo, afikirie Toyota Probox, ambayo ina uzito wa tani moja na ushei na nguvu za farasi zipatazo 109. Cobra yangu haiizidi sana Probox kwa uzito, lakini injini yake ina nguvu karibu mara tano, tena zote zinakwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma, katika gari ambalo halina ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge), halina mifuko ya hewa, wala kompyuta ya kuzuia magurudumu yasiteleze. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.29 tu, kwa hiyo likianza kuponyoka nyuma, dereva hana muda wa kutafakari.

Hilo nililijifunza mwaka 2019, kwenye kipilefti kimoja cha Warwickshire, asubuhi ya manyunyu. Nilikuwa gia ya pili, mwendo wa kawaida kabisa, nikagusa mafuta kidogo tu wakati wa kutoka, na gari likazunguka kama pia na kusimama likitazama nilikotoka. Kwa bahati hapakuwa na mtu nyuma yangu. Niliporudi nyumbani nikasoma ubavuni mwa tairi la nyuma nikakuta tarakimu 2309, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata zake zilikuwa nzima na zilipendeza macho, lakini mpira ulikwisha kuwa mgumu kama kwato. Magari haya hutembea kilomita chache kwa mwaka, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika, na wauzaji wengi huyaita mapya.

Tangu siku ile fedha zangu zimekwenda kwenye matairi, breki na shokapu, na sijaigusa injini. Nilibadilisha pia mpangilio wa pedali ya mafuta, ili nusu ya kwanza ya mkanyago ifungue kabureta kidogo tu, kazi iliyogharimu siku moja na vipande vichache vya chuma, nami naamini imenisaidia kuliko kifaa chochote cha bei ghali. Nikalipia siku mbili za mafunzo katika uwanja wa mashindano mvua ikinyesha, kwa makusudi. Kama ningeanza upya, ningechagua injini ya nguvu za farasi 300 au 350, kwa sababu kikomo cha mwendo huku ni maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112, na gari langu hukifikia kabla sijatoka gia ya pili. (Mwaka 1964 kampuni ya AC ililijaribu gari lake la mashindano lenye paa katika barabara kuu ya M1 kwa maili 185 kwa saa bila kuvunja sheria yoyote, maana kikomo hakikuwapo bado. Kilikuja Desemba mwaka uliofuata.)

Anayetaka kuliunda mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, ajue kwamba Uingereza haitalisajili mpaka lipite ukaguzi unaoitwa IVA, ambao mimi nilianguka mara ya kwanza, tena kwa makosa yangu. Usukani haukurudi wenyewe katikati baada ya kona, kwa kuwa sikuiweka sawa pembe ya kasta ya magurudumu ya mbele, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Pia ncha kadhaa za nje ya bodi hazikufikia mviringo wa milimita 2.5 unaotakiwa ili zisimkate mpita njia. Mlio wa ekzosi ulipita chini kidogo ya desibeli 99 zinazoruhusiwa, baada ya kuongeza vizuia sauti ambavyo nilikuwa nimejidai havihitajiki. Kwa anayenunua lililokwisha kuundwa, ahakikishe namba ya chesisi na ya injini zinalingana na hati ya usajili, na akate bima ambayo thamani ya gari imekubaliwa mapema kwa maandishi, la sivyo siku ya ajali atabishana na mtu wa bima anayelihesabu kama gari lisilo na jina.

Jambo la mwisho linahusu abiria. Ekzosi za gari hili hupita ubavuni, chini ya milango yote miwili, na baada ya nusu saa ya safari zina joto la kuunguza ngozi papo hapo. Kabla mtu hajapanda, mwonyeshe namna ya kushuka: aukanyage ukingo wa mlango, apeleke mguu mbali, ndipo auteremshe chini. Mimi nilimwonyesha mke wangu vizuri sana, kisha nikashuka upande wangu kwa haraka ya kwenda kumfungulia mlango, na alama iko kwenye shavu la mguu wangu wa kulia hadi leo.