Kukesha kabla ya Exetat
Yaya, umeniuliza kama mtoto akeshe akisoma kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo. Hapana, akikesha usiku kucha anapoteza. Aliyosoma mchana, ubongo unayapanga na kuyashika wakati amelala. Ukimnyima usingizi mengi hayakai, na asubuhi hata hesabu anayoijua vizuri inamgomea. Umri wa sekondari unahitaji masaa 8 hadi 10. Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, kila msimu wa mitihani tunapokea watoto wenye kuumwa kichwa na kizunguzungu, ukiwauliza wamelala masaa matatu tu.

Najua umeme ukirudi saa tano ya usiku ndiyo nafasi yao ya kusoma, na inaniuma. Lakini afadhali alale saa mbili, aamke saa kumi alfajiri, kichwa kimetulia.

Na lile ulilosikia la usingizi "kuosha" ubongo, yaani kuuondolea taka, linatoka kwa kikundi cha Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 2013. Waliliona kwa panya. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana. La kumbukumbu, hilo limepimwa kwa watu mara nyingi.