Maswali ya wasomaji: Naandika historia ya usuluhishi na mpwa wangu, tuanzie wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni katibu mstaafu wa baraza la kata huku Muheza, mpwa wangu ni wakili Dar, tumekubaliana tuandike pamoja historia ya usuluhishi (watu kupatanishwa) na uamuzi (mtu wa tatu kuwaamulia) hapa pwani. Yeye anataka tuanze na sheria ya uamuzi ya 1931 tushuke mpaka ya 2020, mi naona watu watasinzia. Na kazi tugawane vipi tusije tukakosana wenyewe?
Mjomba, Muheza

JIBU: Shikamoo mjomba. Hilo la kwanza niko upande wako kabisa, msomaji umpe ugomvi kwanza, sheria zitakuja zenyewe. Na ugomvi mnao wa kifalme! Sayyid Said, sultani wa Zanzibar na Muscat (Omani), kafariki 1856, mwanawe Majid kakamata Zanzibar, mwanawe mwingine Thuwaini kakamata Muscat na anataka Majid amlipe kila mwaka, 1859 akaandaa meli aje kivita Waingereza wakamzuia, mwisho ndugu wote wawili wakakubali Lord Canning, mtawala wa Uingereza kule India, awaamulie. Canning hakuja, akamtuma Brigedia Coghlan wa Aden akachunguze. Uamuzi ukatoka 2 Aprili 1861: Majid abaki na Zanzibar na sehemu zote za Afrika, ila ailipe Muscat krauni (sarafu za fedha) 40,000 kila mwaka, na 80,000 za malimbikizo ya miaka miwili. Halafu ikaelezwa kwamba kulipa huko hakumaanishi Zanzibar iko chini ya Muscat, basi hapo dola ya mzee Said ikawa imeshakatwa vipande viwili.

Sasa msiishie kwenye sahihi kama vitabu vingi vinavyofanya, fuateni hela. 1866 Thuwaini akauawa na mwanawe Salim, na Majid akagoma kumlipa mtu aliyemuua babake. Uamuzi upo, mihuri ipo, hela haziendi. Sura nzima hiyo.

Baadae mwende Lamu 1889, Waingereza na Wajerumani wanagombea nani apewe na sultani wa Zanzibar kazi ya kukusanya ushuru wa forodha, akaletwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, akaona Wajerumani hawajathibitisha kuwa waliahidiwa. Watu wa Lamu wenyewe hawakuwa upande wowote wa kesi, na hilo mliseme wazi.

Nyaraka: Zanzibar wana hifadhi yao pale Kilimani, za India Office (ofisi ya Uingereza iliyosimamia India) ziko British Library London, na nyingi za Ghuba ya Uajemi zimeshapigwa skani Qatar Digital Library, mnasoma bure. Ila kumbukeni karibu zote kaandika ofisa wa Kiingereza, kwahiyo kila akisema "wazee waliridhika" jiulizeni nani alikuwepo.

Kazi ngumu ni usuluhishi wa kawaida, maana watu wakipatana wanaenda zao nyumbani, hakuna faili. Hapo ndo wewe unamzidi wakili. Mabaraza ya kata ya sheria ya 1985, mabaraza ya ndoa ya sheria ya 1971, nani alikaa wapi, nani alizungumza kwanza, faini ililipwa kwa kitu gani. Rekodi wazee wenzako sasa hivi, majina ya wanandoa badilisheni. Sheria za mpwa ziingie pale zinapobadilisha kitu mezani kwako, mfano 2021 baraza la kata lilipoondolewa kuamua kesi za ardhi likabaki kusuluhisha tu, ukieleza siku ya kwanza baada ya hapo ilikuwaje msomaji hasinzii.

Kugawana: yeye nyaraka na sheria, wewe mahojiano na mabaraza, lakini rasimu ya mwisho aipitie mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho, la sivyo itasomeka kama vitabu viwili. Kabla ya yote andikianeni: jina la nani linatangulia, hela ya mchapishaji inagawanywaje, mmoja akijitoa sura zake zinakuwa za nani, na mkikwama kabisa mtu gani wa tatu atawaamulia. Huyo wa tatu asiwe dada yako tu, ndo mama yake wakili.