Re: Si watumie sumaku tu, baridi yote ya nini?
Kaka wa Shela, waulizia kwa nini kupanga spini za protoni upande mmoja kwahitaji baridi kali (protoni ni chembe za kiini cha atomi, na spini ni kama kujizungusha kwake, ndo huifanya kila moja iwe kisumaku kidogo); sumaku pekee haitoshi. Hata kwa sumaku kali ya tesla 2.5 na baridi ya kelvini 1 (kama nyuzi 272 chini ya sifuri), joto lavuruga protoni, zinazofuata sumaku hazizidi zile za upande wa pili hata asilimia 1. Kwa hivo pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, walichukua amonia, hii hii ya mitambo ya barafu za wavuvi huku kwetu Malindi, wakaigandisha vipunje vipunje wakaipiga mionzi ibaki na elektroni zisizo na pea, alafu mawimbi ya maikrowevu yakahamisha mpangilio wa elektroni kwa protoni mpaka ile ziada ya upande mmoja ikafika asilimia 80 na zaidi (mi hapo ndo huvua kofia), baadae wakashusha baridi chini ya kelvini 0.1 mpangilio ukae siku nyingi. Kwa amonia kama hii ndo 1988 EMC, kundi la watafiti pale CERN, wakatangaza kwaki (chembe ndogo ziundazo protoni) zabeba kidogo tu ya spini ya protoni, mpaka leo watu waitafuta ilobaki.