Bastola ya silinda inayopiga chini: weka tupa kando kwanza

Ndugu yetu wa Kisumu amenunua bastola ya silinda inayotumia risasi za aina ya .38 Special, iliyokwisha kutumika, mtutu wa inchi 4. Kwa mita 15 risasi zake zote zinaingia kama sentimita 12 chini ya pale anapolenga, na anauliza kama anaweza kuikata saiti ya mbele, kile kipande cha kulengea kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu, kwa tupa mwenyewe.

Kaka, hesabu yako si mbaya. Saiti ya mbele ikipungua urefu, risasi hupanda, na watu wengi hulielewa jambo hilo kinyume. Lakini chuma ulichokikata hakirudi. Mimi nilipitia tatizo hilihili hapa Nakuru na bastola yangu ya aina hiyohiyo. Ilikuwa inapiga sentimita 14 chini, nami nilikuwa na hakika kabisa kwamba saiti ni mbovu. Nilipomaliza kuchunguza, saiti ilikuwa na sehemu ndogo tu ya kosa. Kama ningeanza na tupa, leo ingekuwa inapiga juu ya shabaha na ningekuwa natafuta saiti nyingine ya kuirefusha tena.

Kwanza hujatuambia unalenga wapi. Kuna wanaoiweka ncha ya saiti katikati ya duara jeusi, na kuna wanaoiweka chini ya duara, weusi ukae juu yake kama chungu juu ya figa. Bastola iliyopangwa kwa mtindo wa kwanza ukiitumia kwa mtindo wa pili, risasi zitashuka kwa nusu ya upana wa duara bila kosa lolote la chuma. Pia hakikisha ncha ya saiti ya mbele imelingana sawasawa na kingo za juu za mfuo wa saiti ya nyuma. Ikizama ndani ya mfuo kidogo tu, umepotea. Jicho likazie saiti ya mbele, shabaha iache ififie.

Halafu mkono. Hapa ndipo mimi nilipokamatwa, na nakuomba usiparuke. Mzee aliyetufundisha shabaha, askari mstaafu, alichukua bastola yangu, akanigeuza nitazame upande mwingine, akaweka risasi tatu hai na maganda matatu matupu kwenye silinda, akaizungusha, akaifunga, akanirudishia. Kila nilipoangukia ganda tupu, mdomo wa mtutu uliinama wazi mbele ya macho yangu. Hakukuwa na mlipuko, lakini mkono wangu ulikuwa umeshausukuma chini kuusubiri. Bastola ya silinda hudhihirisha ugonjwa huu kuliko nyingine, kwa sababu ukivuta triga bila kwanza kuirudisha nyuma nyundo, kile kipande kinachogonga risasi, mvuto ni mrefu na mzito, na vidole vingine vyote vinataka kusaidia. Dawa yake ni mazoezi ya kuvuta polepole, bastola tupu, silinda imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine. Mimi nilifanya dakika kumi kila jioni kwa majuma matatu.

Baada ya hapo uondoe mkono kwenye hesabu kabisa. Nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, keti, egemeza viganja juu ya gunia la mchanga. Usilaze mtutu wenyewe juu ya gunia, maana utaruka tofauti na unavyoruka mkononi. Rudisha nyundo nyuma kwa kidole gumba, kisha vuta triga taratibu. Piga tano, pumzika, piga tano nyingine, upime katikati ya kundi, si tundu moja moja. Kwangu, zile sentimita 14 zilishuka hadi 9. Zile 5 zilikuwa zangu mwenyewe.

Sasa risasi. Soma boksi lako, tafuta uzito wa kichwa cha risasi, kwa kawaida huandikwa kwa greni, kipimo kidogo cha uzito. Ukilaza rula kando ya bastola ya silinda utaona saiti ya mbele imeinuka juu ya mstari wa mtutu kuliko ile ya nyuma. Maana yake ni kwamba unapolenga, mtutu wenyewe unatazama chini kidogo. Umetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu bastola huanza kuinuka kabla risasi haijatoka mdomoni. Kichwa kizito huenda polepole, hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, na kinatoka mdomo ukiwa umeshainuka. Kichwa chepesi huwahi kutoka, basi hupiga chini. Bastola nyingi za .38 zenye saiti zisizorekebishika zilipangwa kwa kichwa cha greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Mimi nilikuwa natumia cha greni 125, kama gramu 8. Nilipopata boksi la 158, kundi langu lilipanda sentimita 4 bila bisibisi wala tupa. Zikabaki 5.

Kuna mtu uwanjani aliniambia kosa ni mwinuko wa Nakuru, eti huku juu mita 1,850 hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kwa mita 15 sahau habari hiyo. Risasi inayokwenda mita 250 kwa sekunde hutumia sehemu sita za mia za sekunde kufika, na uzito wake unaishusha chini ya sentimita 2 tu. Hewa haipati nafasi ya kufanya lolote.

Kama bado iko chini baada ya hayo yote, basi ndiyo tuzungumze saiti, na hapo tuache kukisia. Pima umbali kati ya saiti ya mbele na ya nyuma kwa milimita. Kwa mtutu wa inchi 4 huwa karibu 150. Zidisha kwa kosa lililoko kwenye shabaha, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kwangu ilikuwa 50 mara 150 gawanya kwa 15,000, jibu nusu milimita. Kwako, zile sentimita 12 zote zikiwa kweli za saiti, ingekuwa milimita 1.2. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ndiyo maana naogopa tupa mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Tazama una aina gani. Kama saiti ya nyuma ina skrubu ya kuipandisha, anza hapo: ipandishe, risasi itapanda nayo. Saiti ya nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende, ya mbele husogezwa kinyume. Yangu ilikuwa na skrubu, lakini mwenye bastola kabla yangu alikuwa ameshaipandisha hadi mwisho, na saiti iliyofika mwisho wa skrubu hutikisika. Nilipopima ya mbele kwa kalipa, kile chombo cha kupimia milimita, nikaelewa. Ilikuwa ndefu kuliko kawaida ya modeli ile, mtu aliwahi kuibadilisha.

Saiti yangu ya mbele imeshikwa na pini moja inayopita ubavuni. Fundi wa duka lenye leseni aliifunga bastola kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao na ngozi, akaigonga pini kwa kijiti cha chuma chembamba kuliko tundu, saiti ikatoka. Nyingine ina pini iliyobana kwa kutu na huhitaji mafuta ya kupenya usiku mzima, usiilazimishe. Tuliweka saiti fupi kwa milimita 1 nzima, si nusu, kisha ya nyuma ikashushwa nusu milimita. Hivyo nilipata kulenga sawa na pia nafasi ya kupanda na kushuka siku nitakapobadilisha risasi. Saiti mpya wakati mwingine huja bila tundu la pini, likatobolewa likiwa limeshakaa mahali pake, na kazi hiyo ni ya fundi.

Ikiwa yako ni kipande kimoja na mtutu, kama Smith & Wesson Model 10, na nyuma kuna mfuo tu uliochongwa juu ya fremu, hapo ndipo tupa inapoingia kweli. Ikatwe kidogo, upige risasi tano, ikatwe tena, na mkono usimame ikiwa bado iko sentimita 2 chini. Zilizobaki zimaliziwe kwa jiwe la kunolea, kisha sehemu iliyong'aa ipakwe rangi ya chuma isipate kutu wala kuakisi jua.

Usimpelekee fundi wa jua kali, hata awe hodari vipi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, biashara ya kutengeneza silaha ni ya muuzaji aliyesajiliwa, na kuiacha silaha yako kwa mtu asiye na kibali kunaweza kukupotezea leseni.

Basi kaka, kabla ya Jumamosi ijayo niandikie mambo matatu: uzito wa risasi ulioandikwa kwenye boksi, kundi la kwenye gunia liko sentimita ngapi chini, na kama saiti ya nyuma ina skrubu au ni mfuo tu. Nikiwa na hayo nitakufanyia hesabu.